Meneja Hageuki Nyuma

Nyumbani,
Tarehe 6, mwezi wa pili

Kwako mpwa wangu Kijiko,

Salamu nyingi. Nyingine nimezibakiza huku maana bahasha ni ndogo. Mimi ni mzima, nyumba ni nzima, na mbwa wako Meneja ni mzima kutupita sisi wote hata tukijumlishwa na majirani.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu yangu iliingia kwenye pipa la matumbo pale kazini. Nikaizamia mpaka kwapani, nikaishika, ikaniponyoka, ikaenda zake. Wenzangu wanasema bado wanaisikia ikiita huko iliko. Halafu simu ina ubaya wake: uko katikati ya jambo zito, mtu anakukatiza. Barua haina mdomo.

Sasa kaa chini. Umekaa? Mjomba wako amepanda cheo. Miaka yote hiyo nimesimama kwenye pipa la matumbo, naoga kwa ndimu, na bado nikikaa mahali watu wanakumbuka kwamba wana safari. Wiki iliyopita msimamizi wa machinjio akaniita mbele ya watu wote. "Wewe," akasema, "kuanzia leo uko meza ya maini." Mtu mmoja alizirai. Wawili walishikiliwa.

Meza ya maini, Kijiko! Ukiingia kile chumba cha baridi huoni miguu yako, ukungu umekufika magotini. Maini yananing'inia kwenye ndoano safu kwa safu, mekundu yaliyokoza, yananyamaza. Ni kama mtu amekunja jioni nyingi nyingi akazianika zikauke. Nikitembea katikati yake nasahau kama nimeamka au bado.

Na wajua desturi ya pale kazini, kila mtu hurudi nyumbani na vipande vya meza yake. Wa kwato anarudi na kwato, maskini ya Mungu. Mimi narudi na mfuko wa maini. Njia nzima naubeba mbele kifuani, watu wasije wakadhani nauficha.

Kwa hiyo yale maelezo uliyonipa siku unaondoka, begi mkononi na gari linanguruma, kwamba Meneja ale nyama mbichi na mifupa na moyo, na ini kidogo, nimeyafuata yote. Ila hapo kwenye "kidogo" nimepafanyia marekebisho. Uliposema kidogo tulikuwa bado watu wa matumbo. Sasa bakuli lake juu ini, chini ini, katikati ini lingine la kuyashika hayo mawili. Nimeambiwa ini limejaa vitamini A. Wewe umesoma kunizidi, itazame alfabeti: nani kakaa mbele? B na wenzake wote wako foleni.

Anakula mchana nikirudi kazini, halafu analala barazani, na mimi nasinzia kitini nyuma yake. Hapo ndipo mambo huanza. Anakimbia usingizini, kucha zinachapa sakafu, na nyumba inalegea kwenye msingi kama jino la mtoto. Jana tulipaa. Tulipita juu ya paa la jirani yetu fundi viti, nikaliona lile tundu analosema siku zote kwamba halipo. Tuliposhuka manyoya ya Meneja yalikuwa yamelowa wingu. Nilimkausha kwa taulo langu mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako,
Mkuu wa Meza ya Maini


Mjini, ghorofa ya tisa,
Tarehe 21, mwezi wa pili

Shikamoo mjomba,

Hongera sana kwa cheo. Barua yako nimeisomea ndani ya lifti iliyosimama kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Usishtuke, niliisimamisha mimi. Ndiyo kazi ninayojifunza: kuzisimamisha, kuzisikiliza zinaumwa wapi, kuzitia grisi, kuziambia ziende. Ukiwa mle juu ya lifti, kwenye lile shimo refu, jengo zima linapumua. Hewa inapanda, inashuka. Leo nilifumba macho nikaona ni Meneja, amelala mahali fulani chini kabisa.

Sasa mjomba, lile neno "kidogo" naomba ulirudishe mahali pake. Kwa bakuli zima linatosha ini la ukubwa wa vidole viwili, na kipande kingine kama hicho cha figo au bandama. Basi. Kilichobaki ni nyama na mifupa. Moyo usiuhesabu pamoja na ini, moyo ni nyama tu, mpe. Ini likizidi siku baada ya siku linamdhuru mbwa. Sikutanii.

Nina habari nyingine. Nimehamia chumba kikubwa kidogo, humo humo kwenye jengo. Dirisha langu linatazama mawingu, asubuhi yanapita karibu hata nahisi nikinyoosha mkono nitayapangusa. Mwezi wa nane nina likizo. Nafikiria kuja kumchukua Meneja.

Bado anaruka ule ukuta wa nyuma? Anakupokea getini kama alivyokuwa akinipokea mimi?

Mpwa wako,
Kijiko


Nyumbani,
Tarehe 15, mwezi wa tatu

Kijiko wangu,

Marahaba. Barua nimeipata na nimeielewa, hata pale ulipoandika haraka.

Nianze na hilo la ghorofa ya tisa. Mbwa ana shughuli gani ghorofa ya tisa? Akibanwa na haja ndogo atabonyeza kitufe gani? Meneja umemtoa wewe mwenyewe kwenye bomba la mtaro, mdogo kama soksi, sikatai. Ila wewe umeondoka, na ukienda hujui nyumba inavyokuwa. Mtu akizungumza hapa lazima pawe na sikio, hata kama ni la mbwa. Basi hilo tuliache.

Ini nimepunguza. Usiniulize nimepunguza kiasi gani, nimepunguza kiasi cha kupunguza.

Sasa nikusimulie maendeleo yake. Meneja amekuwa mtu mzito. Hageuki nyuma tena. Zamani ukimwita alikuwa anapinda shingo upesi upesi kama mbwa wa mtaani anayemtafuta aliyemrushia jiwe. Siku hizi ukimwita anatazama mbele, anafikiri, halafu anageuka mwili mzima, polepole, kama kabati linalohamishwa na watu wanne. Ukuta haruki tena, nadhani anangoja ukuta umjie. Getini haji. Ananingoja barazani, wima, kama vile mimi ndiye niliyeitwa ofisini. Na chakula anakiangalia kwanza, anakiacha kidogo, anakirudia. Ndivyo walavyo wakubwa.

Yule fundi viti akachungulia juu ya ua. "Jirani," akasema, "mbwa wako ana tatizo la shingo."

Nikamwambia, "Tatizo la shingo unalo wewe, unayeinyoosha mpaka kwenye bakuli la mwenzio."

"Mguse uone."

"Nimguse kwani embe?"

Lakini alipoondoka nikamgusa, hapa nyuma ya masikio. Meneja akatoa sauti. Nyembamba, ndefu. Ilikuwa ni sauti ya kuimba, Kijiko. Mbwa wako ameanza kuimba. Nikigusa anaimba, nikiondoa mkono ananyamaza. Sijasikia popote duniani, na mimi nimesikia mengi.

Tunaendelea kulala mchana barazani. Siku hizi hatupai sana. Tunatembea kwenye ule ukungu wa chumba cha baridi, ila chumba hakina kuta, maini yanakwenda mpaka jicho linapochoka. Meneja yuko mbele. Namwita, ananisikia, najua ananisikia, lakini hageuki, na ukungu unampanda tumboni, mgongoni, unabaki mkia. Ni ndoto nzuri tu.

Mjomba wako,
Mlezi wa Mbwa Aimbaye


Mjini, ghorofa ya tisa,
Tarehe 20, mwezi wa tatu

Shikamoo mjomba,

Barua hii naituma kwa basi la mizigo ikufikie kesho, maana nina kisa ambacho hakiwezi kungoja. Kimetokea humu humu ndani ya jengo.

Juu kabisa, kupita kitufe cha mwisho, anaishi mama mmoja. Kufika kwake lifti inapanda mpaka kamba ziishe, halafu inakwenda kando kidogo, kwenye wingu. Mama huyo ana mbwa bingwa. Alimlisha ini asubuhi na jioni, juu ini chini ini, mpaka mbwa akawa anang'aa, na mama akaacha kulipia umeme.

Siku moja mifupa ya shingo ya yule mbwa ikaanza kupendana. Mfupa wa kwanza ukaota kidole ukamshika wa pili. Wa tatu akaona wivu, naye akaota. Mwishowe shingo nzima wameshikana mikono hawataki kuachana, na mbwa akawa hageuki nyuma. Akiguswa tu anaimba. Watu walipanda kutoka ghorofa zote kumsikiliza.

Wakaja madaktari saba wa mifugo, kwa parachuti. Mkubwa wao akamsikiliza mbwa akiimba, akavua kofia. Akasema: "Huyu ameshafika kilele cha ini. Hakuna ini duniani la kumpeleka mbele zaidi. Akipewa hata tone, mifupa hii itafunga ndoa, na mifupa haijui talaka." Tangu siku hiyo ini ni marufuku, hata vile vidole viwili, mpaka daktari aseme. Analishwa nyama tupu na moyo.

Lakini mjomba, kazi ilikuja hapa: nani wa kumlinda? Kumpa mbwa ini anaweza mtu yeyote. Kusimama na mfuko mzima wa maini kifuani, mbwa anakutazama kwa macho yale unayoyajua, na usimpe, walisema hiyo inataka mkuu wa meza hasa. Wamezunguka mji mzima hawajampata.

Basi nimewaza, daktari wa mifugo wa hapo nyumbani hajawahi kumwona mbwa aimbaye. Mpeleke, mjomba. Wiki hii, hata kesho. Na mwambie umemlisha ini kiasi gani. Usipunguze hata kidogo, mtajie yote, ajue anazungumza na nani.

Habari ya chumba tutaongea.

Mpwa wako,
Kijiko


Nyumbani,
Tarehe 2, mwezi wa nne

Mpwa wangu,

Kisa chako nimekisoma mara tatu. Parachuti umezidisha, mimi ningewaleta kwa ngazi. Lakini ile lifti kwenda kando, hapo nilivua kofia na mimi. Umejifunza wapi kudanganya hivyo? Upande wa baba yako hakuna kitu, nawajua wote, wanasema "mvua inanyesha" na kweli inanyesha.

Nilimpeleka. Fundi viti aliniazima mkokoteni wake, tukamkalisha Meneja juu ya gunia la vumbi la mbao, wima, kama bwana harusi. Kila gurudumu likiingia shimoni anaimba. Watu wakasimama njiani. Siku nyingine ningewaambia jambo. Siku hiyo nilisukuma tu.

Daktari ni binti wa miwani, mikono yake midogo. Nikamwambia kama ulivyoniagiza, bila kupunguza.

"Baba, umesema bakuli zima?"

"Zima."

"Kila siku?"

"Hata sikukuu."

"Tangu lini?"

"Tangu nipande cheo."

Nikangoja ashangae. Akashangaa kweli, akaweka kalamu chini. Akamshika Meneja shingoni, taratibu, na Meneja akaimba, akaimba mpaka mwisho wa pumzi. Yule binti hakusema ni kuimba.

Wakampiga picha ya mifupa. Akaitundika mbele ya taa. Kijiko, niliuona ukungu wangu. Ule ule, mweupe, umetulia. Ndani yake kuna mifupa ya shingo imepangana, na kati ya mfupa na mfupa, upande wa kulia, nikaviona vidole. Vidole! Vimeota, vimeshikana. Kama ulivyosema.

Mimi nimetunga visa maisha yangu yote, na hakuna hata kimoja kilichowahi kutundikwa kwenye taa. Wewe umetunga kimoja tu. Ulijuaje?

Daktari amesema ini basi. Ametoa dawa ya maumivu, asubuhi na jioni. Maumivu yatapungua, kasema, ila vidole vilivyokwisha kuota havirudi. Nikamuuliza, "Atageuka?" Akasema, "Tungoje tuone." Nilitegemea maneno mengi zaidi kutoka kwa mtu mwenye taa ile.

Mfuko wa maini siku hizi unaishia kwa fundi viti. Namwekea mlangoni kwake, halafu nazunguka niingie kwangu kwa nyuma, nimeshanawa mpaka viwiko, na bado Meneja ananinusa. Anakuja, mwili mzima, kama kabati. Anakaa mbele yangu. Yale macho. Nampa moyo. Anautazama moyo, ananitazama mimi. Walisema kweli wale wa parachuti.

Jana mchana hakuna aliyepaa.

Mjomba wako,
Mlinzi


Mjini, ghorofa ya tisa,
Tarehe 18, mwezi wa nne

Shikamoo mjomba,

Nilijua kwa sababu niliuliza. Ghorofa ya nne anaishi daktari wa mifugo, nilimtengenezea mlango wa lifti uliokuwa unambana kila siku, ndiyo malipo niliyotaka. Nilimsomea barua yako. Alikuwa anacheka, mjomba, anashika mbavu, pale kwenye kabati alitoa machozi. Nilipofika kwenye kuimba akaacha kucheka. Akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Ndipo akanieleza habari ya ini na mifupa. Kuota vidole ni maneno yake, kushikana mikono nimeongeza mimi.

Sijakasirika. Nimekasirika kidogo, kama vidole viwili.

Ningeandika tu kwamba mbwa anaumwa, ungenijibu kwamba mbwa anaimba vizuri zaidi. Nakujua. Ndiyo maana niliwatuma wale saba.

Jana niliota nimo ndani ya lile shimo la lifti, nashuka kwa kamba, ghorofa zinapita, kwenye kila ghorofa mlango uko wazi na Meneja amekaa amenipa mgongo. Namwita. Ghorofa ya nane, ya saba, ya sita. Mgongo tu. Niliamka kabla ya kufika chini, sikutaka kujua.

Mwezi wa nane nakuja. Kama nitamchukua au nitamwacha, sijui, sidanganyi. Humu chumbani atakuwa peke yake siku nzima. Hapo ana wewe, nawe ndiwe uliyemlisha. Nikiwaza hivi naona hivi, nikiwaza vile naona vile.

Nataka jambo moja tu. Akigeuka, niandikie amegeuka. Asipogeuka, niandikie hajageuka. Usimpambe, mjomba. Nitaamua kwa barua yako.

Mpwa wako,
Kijiko


Nyumbani,
Tarehe 19, mwezi wa saba

Mpwa wangu,

Nimekawia kwa sababu uliniambia nisipambe, na visivyopambwa vilikuwa havijai ukurasa.

Mwezi wa tano hakugeuka. Ila aliacha ile sauti. Niligusa nyuma ya masikio akanyamaza, nikagusa tena, akanyamaza. Daktari akapunguza dawa. Mwezi wa sita hakugeuka. Alianza kutembea mpaka getini, anafika nikiwa nimeshaingia, lakini anafika. Anakula nyama yake na mifupa yake, na moyo ameuzoea. Ini hajaonja. Kazini bado niko meza ile ile. Nakata maini, nafika nyumbani mikono mitupu. Fundi viti amenenepa.

Sasa jana.

Ilikuwa mchana, manyunyu, yale yasiyolowesha mtu wala kumwacha mkavu. Mtaa ulikuwa umefifia, huoni paa linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Meneja amelala barazani kifudifudi, mimi kitini nyuma yake. Sikuwa nimelala. Naliandika hilo makusudi, sikuwa nimelala, na nyumba ilikuwa imekaa kwenye msingi wake. Sikumwita. Sikuwa hata namfikiria. Ndala yangu iliponyoka mguuni ikaanguka sakafuni.

Akageuza kichwa.

Kichwa tu. Mwili ulibaki pale pale. Upande wa kushoto, polepole, mpaka jicho lake likanifikia. Akaniangalia. Nikamwangalia. Nilikuwa sijaliona jicho lake kutokea pale tangu mwezi wa pili. Nilitaka kumpigia kelele fundi viti aje ashuhudie, maana nani ataniamini mimi, lakini niliona nikifungua mdomo nitaharibu kitu. Basi tukabaki hivyo, manyunyu yanaendelea. Halafu akakirudisha kichwa mbele, akakilaza juu ya miguu yake, akashusha pumzi.

Ni hayo tu. Usiku kucha nimejaribu kukiongezea kisa hiki na kila ninachoweka kinaanguka.

Upande wa kulia hageuki. Daktari anasema huko ndiko vidole vilikoshikana, na huko hatageuka tena. Leo asubuhi amerudia kushoto, mara mbili, ya pili alikuwa anafuata nzi.

Ukija kumchukua sitabishana. Nimekuwa nikilifanyia mazoezi neno "sawa", nalisema vizuri sasa. Huko kwako utaona mwenyewe kitanda chake ukiweke upande gani wa dirisha na wa mlango. Hapa mimi nimeshahamisha kiti. Nakaa kushoto kwake.

Mjomba wako